Karatasi ya Sindano

Mims, Florida
Jumapili, 12 Juni 2011

Corliss,

Barua yako ya mistari sita nimeipata. Mistari sita! Mtu niliyemlea tangu ana miaka minne, nikamsuka nywele, nikamwingiza kazini kwa mkono wangu, ananiandikia kama anajaza fomu ya posta. Huko Wichita karatasi ni adimu? Na usiniambie nipige simu. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua huwezi, ndiyo maana naandika. Kama mistari yangu inapanda mlima na kushuka, panda nayo. Mimi shule niliiacha darasa la sita na sijawahi kuikumbuka.

Sikia habari za nyumbani. Chumba cha ushonaji kimefungwa. Tulikuwa wanawake kumi na wanane, tukawa sita, sasa hayupo hata mmoja. Walikuja vijana wawili na boksi, wakakusanya vitambulisho, mikasi na mihuri. Mmoja akaniambia, "Mama, muhuri wako." Nikamwambia, "Huu una umri kukuzidi, ushike kwa adabu." Namba 61. Miaka thelathini na miwili kila kitu nilichoshona nimekigonga muhuri huo, na hakuna kilichorudi na aibu. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga machungwa kwenye makasha. Watu wa hapa walicheka, wakasema mwanamke wa machungwa ataweza wapi kushona blanketi za nyuzi za kioo, za kukivalisha chombo cha anga kisiungue kikirudi kutoka huko juu. Waliocheka wako wapi? Nusu wamekufa na nusu wanaazima ngazi yangu.

Chombo kitaruka tarehe nane Julai. Ndiyo safari ya mwisho. Baada ya hapo vyote vinapelekwa makumbusho, vitoto vya shule vivishikeshike, na watu wetu wakitaka kwenda angani wataomba lifti kwa Warusi. Kila nyumba ya tatu hapa mtaani ina kibao cha kuuzwa. Lakini mimi sina neno, kwa sababu ubavuni mwa kile chombo, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya mlango wa wanaanga, liko blanketi langu. La mwisho nililoshona. Nimewaambia kanisani. Mchungaji Tillis amesema kikisharudi salama atafanya ibada ya kutuheshimu, na mimi nitasimama kwa niaba ya wote.

Njoo. Ulilikagua wewe lile blanketi, ukatia saini wewe. Njoo tusimame pamoja tulione likipanda. Ulitoka hapa mwezi wa tatu kabla hata hawajakupunguza, ukaondoka mbio kama mtu aliyeiba. Sikukuuliza wakati ule. Nakuuliza sasa.

Yaritza niliyeshona naye anakusalimu. Amepata kazi Orlando ya kushona mapazia ya hoteli. Inamfaa. Siku zote alishona kama anafukuzwa na mbwa.

Bibi yako,
Ozella Bascom


Wichita, Kansas
20 Juni 2011

Bibi mpendwa,

Nimeongeza mistari, hesabu mwenyewe.

Siwezi kuja. Mimi ni mgeni kazini, likizo sina mpaka nimalize miezi sita. Nakagua mabawa ya ndege ndogo. Watu ni wema, ila chakula chao hakina chumvi wala pilipili, na hakuna mtu hapa aliyewahi kuonja samaki wa moshi. Nikiwaambia nilikuwa nakagua chombo cha anga wananiuliza kama niliwahi kuwaona wanaanga. Nikisema nilikuwa naona mishono tu, wanageuka kuendelea na kahawa yao.

Niliondoka mapema kwa sababu kazi ilipatikana mapema. Hakuna zaidi.

Kuhusu kanisani: Bibi, wewe umeshona mamia ya blanketi. Kwa nini uhesabu moja? Ukisimama siku hiyo, simamia yale mamia. Usitaje upande wa kushoto wala nyuma ya mlango. Watu hawaelewi mambo hayo.

Na macho yako yanaendeleaje? Ile miadi ya daktari niliyokuwekea, ulikwenda?

Wako,
Corliss


Mims
Ijumaa, 8 Julai 2011

Corliss,

Macho yangu si shauri lako, yalikuwa yanaona kabla mama yako hajazaliwa.

Kimeruka! Saa tano na nusu kasoro dakika moja asubuhi. Mawingu yalitutia wasiwasi tangu alfajiri, ila wakakiachia. Watu wamejaa mpaka kandokando ya barabara kuu, hakuna pa kuweka mguu. Bwana mmoja kutoka Ohio ameegesha gari kwenye nyasi zangu, akaniuliza, "Bibi, una choo?" Nikamwambia, "Ninacho. Na wewe una salamu?" Akasalimia. Mkewe alikuwa analia hata kabla ya kuruka, kisha akaniuliza huwa tunajisikiaje. Nikamwambia tunajisikia kama watu walio kazini.

Nilipika maharage na mkate wa mahindi, kama desturi, maana chombo hakihesabiwi kimeruka mpaka maharage yaliwe. Mkono ukasahau, nikapika sufuria la watu kumi na wanane. Tukala watatu: mimi, dada Verlene wa kanisani, na msimamizi wetu Dunleavy, aliyepita kuaga. Kesho anahamia Alabama na kila alichonacho. Nikawahadithia blanketi langu lilivyopanda. Verlene akapiga kelele, "Ozella, utaingia mbinguni kabla yetu, umeshatanguliza mizigo!" Dunleavy akainamisha kichwa kwenye maharage yake, analia. Nikamwambia, "Wewe mtu mzima, chumvi ipo mezani, huna haja ya kuongeza yako."

Nimekiona vizuri sana. Kilipanda kama

Jumapili, 10 Julai

Sikuimaliza. Siwezi kufunga bahasha yenye uongo ndani.

Sikukiona. Niliona mwanga kama taa iliyo nyuma ya shuka, kisha nikasikia mngurumo kifuani, basi. Macho yangu yamekwisha tangu mwaka juzi. Katikati kuna ukungu. Nakuandikia kwa kutazama pembeni. Kule kazini kila mwaka walipotupima nilikuwa nimeikariri ile karatasi ya herufi, mstari kwa mstari, kama Zaburi. Daktari akaniambia, "Ozella, una macho ya tai." Nikatoka nikiupapasa mlango.

Nilishona kwa vidole. Vidole havijasahau kitu. Ila mwezi wa pili, kwenye lile blanketi, sindano ilivunjika. Sheria unaijua kunizidi: hupewi sindano mpya mpaka vipande vyote vya ile iliyovunjika vibandikwe kwenye karatasi, mkaguzi avione, atie saini. Kipande cha juu nilikipata. Ncha sikuiona. Nilipapasa meza. Nilipiga magoti nikapapasa sakafu, Yaritza akaniuliza, "Mama Ozella, unatafuta nini?" Nikamwambia pete. Ningesema nimekosa kuiona ncha, wangenipima upya siku hiyo hiyo na herufi nyingine, na mimi nisingeifikia safari ya mwisho. Kwenye mkoba wangu wa vitambaa kulikuwa na ncha ya sindano iliyovunjika nyumbani. Nikaibandika hiyo. Ukaja wewe na kioo chako cha kukuzia. Ukatazama. Ukatia saini.

Nilijiambia ile ncha iko sakafuni. Miezi mitano najiambia sakafuni, sakafuni. Lakini sasa chombo kiko juu, na tarehe ishirini na moja kitarudi kwa kupita kwenye moto. Chuma kikishika moto ndani ya kitambaa kinakula uzi. Uzi ukikatika blanketi linainuka pembe. Linaloendelea baada ya hapo silijui, na sitaki mtu anielezee. Wako wanne mle ndani, Corliss.

Ulikuwepo mwaka ule wa 2003. Tulikaa wote kwenye ngazi ya mbele, asubuhi, tukisubiri ile mishindo miwili inayopiga angani kila chombo kikikaribia nyumbani. Haikupiga. Ukaniuliza, "Bibi, labda imepiga hatukusikia?" Wale saba waliokuwa ndani nawaombea mpaka leo.

Nijibu kitu kimoja. Uliona? Kama uliona ukatia saini kwa sababu mimi ni bibi yako, basi nimekuchafua na wewe, na hilo sijui nitaliweka wapi.

Usipige simu. Andika.

Ozella


Wichita
Alhamisi, 14 Julai 2011

Bibi,

Nimepiga simu mara kumi na mbili tangu mchana. Umeichomoa ukutani, nakujua. Nimempigia dada Verlene, nikaambiwa amekwenda Georgia kwa mwanawe. Naandika nikiwa nimesimama posta, nawalipa waikimbize.

Soma hili kwanza: BLANKETI LAKO HALIPO KWENYE CHOMBO. Lala usingizi.

Niliona. Vile vipande viwili ukiviunganisha, sindano ilikuwa ndefu kuliko sindano nzima. Nilitia saini mbele yako kwa sababu ulikuwa umesimama pale umekunja mikono, na midomo yako ilikuwa inatetemeka, na sijawahi kuiona inatetemeka. Ulipokwenda nyumbani nikalipeleka blanketi kwenye picha za eksirei. Ncha ilikuwemo, kwenye kona, imejificha kati ya tabaka. Nikalifunga kibandiko chekundu cha kulikataa. Penye sababu nikaandika kitambaa kimeingia doa la mafuta. Ulikuwa uongo, na mkaguzi akiandika uongo mmoja hana tena haki ya kushika kalamu ile.

Yaritza ndiye aliyeshona la badala. Alikaa zamu mbili mfululizo. Nilimsihi asikwambie. Akasema, "Nani alinifundisha kushika mkasi? Nimwambie nini mimi?" Lililo nyuma ya mlango lina muhuri wake, 114. Dunleavy aliidhinisha, akaniambia hataki kujua zaidi ya doa la mafuta.

Nilipaswa kukwambia. Kila asubuhi nilijiambia leo. Kisha nakukuta unawaeleza watu blanketi lako liko wapi, unaonyesha kwa mkono kabisa, na wote watatu tunatazama chini. Ndiyo maana niliondoka mwezi wa tatu. Sikukukimbia wewe, Bibi. Nilishindwa kukaa ukumbi mmoja na ile furaha yako.

Nisamehe. Chomeka simu.

Corliss


Mims
Jumanne, 19 Julai 2011

Corliss,

Barua yako ililetwa Jumamosi kwa bahasha ya haraka. Kijana wa posta akasema, "Ya muhimu hii, mama, weka saini." Nimeweka saini, na bahasha nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Sijaifungua.

Usinifokee. Nimefikiri. Mtu mwenye habari njema anaweka stempu ya kawaida, anajua itafika. Ulivyolipia ikimbizwe, nikajua. Uliona, ukatia saini. Nikiisoma leo nitalijua hilo kwa siku mbili nzima na sina la kufanya nalo. Nisipoisoma, bado kuna nafasi. Ndogo, lakini ipo, na mimi nakaa humo.

Wala sikukaa bure, usidhani. Jana nilichomeka simu nikapiga kule chumba cha ushonaji. Najua kimefungwa. Nilipiga tu. Inalia, inalia. Nimekaa na ile simu sikioni nikiwaza inavyolia juu ya zile meza tupu. Dunleavy sina namba yake ya Alabama. Nikaichomoa tena. Nikamwambia mtoto wa jirani anipeleke getini kule kazini.

Mlinzi ni yule Rudell, mjukuu wa marehemu Hosea. "Mama Ozella! Kitambulisho?"

"Mmekichukua wenyewe."

"Basi siwezi kukuingiza."

"Nani amesema nataka kuingia? Nataka kuzungumza na mtu."

"Mtu gani?"

Nikamtajia jina. Akasema huyo ameondoka. Nikataja la pili. Huyo naye ameondoka. Nikataja watu saba, Corliss, watu ambao mwaka jana wakikohoa chombo hakiruki. Wote wameondoka. "Mimi mwenyewe mwisho wangu Ijumaa, mama," akasema. "Kuna tatizo? Niandike ujumbe?"

Alikuwa na kalamu mkononi. Angeuandikia nani? Na wangefanya nini wale wanne, watoke nje na mkasi? Nikamwambia hapana, nilipita kusalimia. Akasema, "Nenda kapumzike, mmemaliza kazi yenu."

Nimerudi nimeosha madirisha yote, ndani na nje. Sioni kama yametakata.

Ozella


Mims
Alhamisi, 21 Julai 2011

Imepiga! Mishindo miwili, mmoja baada ya mwingine, kabla ya mapambazuko, vyombo vikatikisika kabatini. Sikuwa kitandani. Nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, tangu usiku wa manane, na nilipoisikia nililia kwa sauti kama mtoto aliyepotea akaonekana. Redio imesema wote wanne wameshuka kwa miguu yao. Magurudumu yamesimama. Imekwisha.

Blanketi langu limewarudisha, Corliss. Ncha au si ncha, limewarudisha! Sasa naifungua barua yako, siogopi tena kitu.

Jioni

Nimeisoma. Kwa kioo, neno moja moja, imenichukua mpaka adhuhuri.

Siku tano. Siku tano ulikuwa umeniambia nilale, na mimi nilikuwa nakunywa chai nikiutazama mgongo wa bahasha. Hilo ni langu, sikutupii.

Lakini mengine ni yako. Ungeniita pembeni. Ungeniambia, "Bibi, toa mkono kwenye kazi hii." Ningekutukana, ningevunja kikombe, kisha ningetoa. Mimi si yai. Badala yake umeniacha niote, mkanizunguka mkitazama chini, wewe na Dunleavy na yule binti wa mapazia. Nimepiga magoti siku kumi na tatu nikiombea kitambaa kilichotupwa kwenye pipa mwezi wa pili. Nilikuwa namwomba Mungu alishikilie pembe, naye anatazama pipa.

Wale wanne wako hai kwa sababu hukuniamini. Hilo nalo ni lako. Nalisema mara moja, sitalirudia.

Ibada ni tarehe thelathini na moja. Nitasimamaje?

O. Bascom


Wichita
26 Julai 2011

Bibi,

Sina la kujitetea. Niliogopa ukijua utaacha kuwa wewe.

Usisimame kama hutaki. Mwambie Mchungaji unaumwa. Hakuna anayejua isipokuwa sisi, na sisi hatutasema kamwe. Nimempigia Yaritza. Amelia, amesema hataki kutajwa, yeye aliipenda ile kazi kwa sababu yako.

Naweza kupata siku mbili mwezi wa tisa. Nikupeleke kwa daktari wa macho. Utaniruhusu?

Corliss


Mims
Jumatatu, 1 Agosti 2011

Corliss,

Kuumwa siumwi, na Mchungaji Tillis sitamdanganya. Nimeshadanganya karatasi, inatosha.

Kanisa lilijaa mpaka wakaleta viti vya kukunja. Wametupamba, kila aliyefanya kazi kule kapewa ua la kifuani. Tulikuwa thelathini na mmoja. Yaritza nilimtumia ujumbe kupitia mama yake, hakuja. Mchungaji akasema, "Na sasa asimame mama yetu, ambaye mikono yake ilikuwa kwenye ubavu wa kile chombo, ikawarudisha wanne wale nyumbani!" Nikasimama. Nilivaa lile gauni la kijani unalosema linanikondesha.

Nikasema, "Mikono yangu haikuwepo."

"Sema, mama!" mtu akajibu nyuma.

Nikasema, "Blanketi langu lilitupwa. Nililiharibu. Nilikuwa sioni na nikaficha kuwa sioni. Lililokuwepo ni la msichana anaitwa Yaritza, ambaye mimi nilikuwa nikimcheka."

"Ndiyo! Ndiyo!" Wakaanza kupiga makofi. Dada Verlene akanivuta mkono, macho yake yamejaa machozi, akaninong'oneza, "Ozella, unyenyekevu wako leo utatuua." Mchungaji akanyoosha kidole kwangu kama ananionyesha kwa wageni. "Mnamwona? Miaka thelathini na miwili, na sifa anampa mwingine! Watoto, jifunzeni hapa!"

Nikapaza sauti. Unajua sauti yangu. Nikasema, "Sinyenyekei! Nasema kilichotokea!" Wakasimama wote. Kwaya ikadakia, kinanda kikaingia, na mimi bado nimefungua mdomo. Mama mmoja nisiyemjua akaja akanikumbatia shingo, akalilia kwenye ua langu.

Nikakaa.

Baadaye kwenye kuku na viazi kila mtu alinishika mkono. Nikajaribu kwa Verlene peke yake, taratibu, na habari ya ncha na yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umechoka, mpenzi. Kula."

Mwezi wa tisa njoo.

Bibi yako,
Ozella